Paka Asali

Siku niliyoripoti kazini Misigiri nilikuwa msichana mwembamba mwenye cheti cha mifugo ndani ya bahasha na viatu nilivyoazima kwa dada yangu. Kabla jua halijawa kali nilikuwa nimeshapewa cheo ambacho hakikuwemo kwenye barua ya ajira. Wakati ule mtaalamu wa mifugo wa kijijini aliitwa Bwana Mifugo, apende asipende. Mimi sikuwa bwana. Wazee waliokuwa wamekusanyika na ng'ombe wao wakashauriana kidogo, wakaamua kuniita Bibi Mifugo. Wazee hao walikuwa wa rika la babu yangu kule kwetu Issuna, nami niliwaamkia shikamoo huku nimekunja magoti, nao wakanijibu, "Marahaba, Bibi." Nimelibeba jina hilo mpaka nimekuwa bibi wa kweli mwenye wajukuu, na sasa linanifaa bila mzaha.

Tulikuwa josho. Ninyi vijana mliozoea kuona ng'ombe akinyunyiziwa dawa kwa bomba la mgongoni, josho ni handaki la saruji lililojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaruka ndani upande mmoja, anaogelea, anatokea upande wa pili akiwa na hasira na dunia nzima. Mkuu wangu wa kwanza, Afisa Mifugo wa Kata, mtu mfupi aliyepiga pasi hata koti la kazi, alinisimamisha pale wanapotokea. Kila ng'ombe alijikung'uta juu yangu. Ilipofika saa tano akaja kunitazama.

"Umelowa?"

"Nimelowa, mzee."

"Haya. Sasa umeajiriwa."

Mzee huyo alinifundisha sindano, na alinifundisha kwa ukali. Alisema mkono unajifunza kuchoma kwa wiki moja tu, macho ndiyo yanachukua miaka. "Kabla ya kuchoma, mwangalie mnyama," alikuwa akiniambia. "Ukishachoma, kaa hapohapo, mwangalie tena. Anayechoma akaondoka huyo ni mhuni, hata awe na digrii." Nilimwona akikaa zizini kwenye kigogo, koti lake limenyooka, akimtazama ndama aliyechomwa kana kwamba anasubiri barua itoke kwa mnyama yule.

Ndama wa kwanza niliyemchoma kwa mkono wangu alikuwa na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ambao huvimbisha matezi chini ya sikio na kumwasha mnyama homa mpaka anaacha kunyonya. Mwenye mji alikuwa ameshanoa kisu ili asipoteze vyote. Nilichoma, nikakaa, nikamwangalia. Asubuhi niliporudi nilimkuta amesimama kwa miguu inayotetemeka, kichwa kimezama chini ya tumbo la mama yake, mkia unacheza. Nilishika kichwa changu kwa mikono miwili. Maji kidogo ndani ya bomba, basi, na uhai umerudi! Watu huniuliza kama niliizoea kazi. Niliizoea harufu yake na matope yake. Jambo lile la asubuhi ile sikulizoea hata siku moja.

Kutoka Misigiri nilihamia kwingine na kwingine, ambako sitawachosha nako, kisha nikapelekwa Nduguti wilaya ilipokuwa bado mpya. Ofisi zilinukia rangi na viti vilikuwa na nailoni zake. Daktari wa Mifugo wa Wilaya alikuwa mama mtaratibu, mwenye sauti ya kwaya, aliyependa kuuliza maswali ambayo tayari anayajua majibu. Alinipa kazi ya ukaguzi wa nyama machinjioni. Mkaguzi hupasua maini kutafuta minyoo, hukata mapafu, hutazama matezi, na akiridhika hupiga muhuri. Siku moja mama yule aliokota kipande cha nyama cheupe-cheupe, laini, chenye umbo lisiloeleweka, ambacho wachinjaji walikuwa wanawatupia mbwa.

"Hiki ni nini, Bibi Mifugo?"

"Kongosho, daktari."

"Linafanya nini?"

"Linasaidia kusaga chakula."

"Na nini tena?"

Akaliweka kiganjani mwangu kwa heshima, kama mtu anayekabidhi kifaranga. Akanieleza kwamba kongosho hutoa kitu kinachoitwa insulini, nacho ndicho kinachoifungulia sukari mlango itoke kwenye damu iingie mwilini ikafanye kazi. Insulini ikipungua, mtu anakuwa na sukari tele ndani ya damu huku mwili wake unalia njaa. "Na zamani," akasema, "wagonjwa wa kisukari walitibiwa kwa insulini iliyotolewa ndani ya makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Binadamu walikuwa wanaishi kwa kitu hiki mnachowatupia mbwa." Nilibaki nimelishika. Ng'ombe niliokuwa nimewakagua hawahesabiki, na kila mmoja alikuwa na kipande hiki, nami nilikuwa nakipita tu kuwahi maini.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Singida mjini. Bosi wangu alikuwa Daktari wa Mifugo kijana, wa umri wa mwanangu wa pili. Kila asubuhi alisimama mlangoni akaniambia, "Shikamoo mama," akangoja marahaba yake, ndipo akaanza kunipa amri. Mjini kazi ilibadilika. Kulikuwa na kuku wengi, mbwa wa kuchanjwa kichaa, na mara mojamoja paka, ambao mimi, niseme ukweli, nilikuwa nawaona kama wanyama wanaojitegemea wasiohitaji serikali.

Ndipo akaja Bi Zuhura. Alikuwa mjane, mwenye duka karibu na soko akiuza mafuta ya alizeti na asali. Babu yake alitoka pwani na biashara zake akamwoa Mnyiramba, hivyo Bi Zuhura alikuwa na Kiswahili cha madaha na Kinyiramba cha kugombana. Alibeba kapu lililofunikwa khanga, na ndani ya kapu alikuwemo paka dume wa rangi ya majivu, mzee, mwenye kichwa kikubwa.

"Anaitwa Diwani," akasema. "Kwa sababu hakuna nyumba ya mtaa wetu asiyoingia kula, na akishakula haonekani tena."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Lakini Diwani alikuwa amekwisha. Mgongo ulikuwa mfupa mtupu. Alikunywa maji bakuli zima na kuomba jingine, na Bi Zuhura alisema pale anapokojoa uani sisimizi hujipanga kama wanagawiwa kitu. Tulipomshusha sakafuni alitembea amekalia visigino vya nyuma, badala ya kusimama juu ya vidole kama paka wengine. Daktari akamtoboa kidogo pembeni ya sikio, akaweka tone la damu kwenye mashine ileile wanayopimiwa watu hospitali. Akaitazama, akanionyesha. Nikajua kabla hajamgeukia Bi Zuhura na kusema.

"Mama, Diwani ana kisukari. Atahitaji sindano za insulini, asubuhi na jioni, nyumbani. Wewe ndiye utakayemchoma."

Bi Zuhura akakaa kwenye benchi taratibu, akakunja kidole cha mguu kilichofungwa kitambaa ndani ya ndala. "Basi ndiyo anaondoka," akasema. "Hata mimi, huu mwaka, hospitali wameniambia vidonge havitoshi tena, nianze sindano. Nimekataa. Sindano ya sukari ni ya kumalizia. Shemeji yangu aliianza, hakumaliza mwezi. Jirani naye vilevile. Hiyo sindano ndiyo inamwita mtu."

Daktari akataka kubishana. Nikamkanyaga mguu kidogo chini ya meza, Mungu anisamehe, maana alikuwa bosi wangu. Nilikuwa nimekitazama kile kidole kilichofungwa. Kidonda kisichopona kwa mtu mwenye sukari hakisubiri mabishano, na mwanamke huyu hakuwa anaogopa maumivu. Alikuwa anaogopa kuitwa.

"Dada," nikamwambia, maana alinizidi umri, "tumwache kwanza Diwani aanze. Nitakuja nyumbani kukuonyesha."

Basi nikaanza kazi ambayo sikuwahi kuifanya katika utumishi wangu wote, kumhudumia paka mmoja nyumbani kwake kama mgonjwa wa wadi. Jambo la kwanza lilikuwa chakula. Paka ni mla nyama, na mwili wake hauna haja na wanga, yaani uji, ugali, wali na ndugu zao. Diwani alikuwa analishwa ugali uliolowekwa kwenye maziwa mtaa mzima. Daktari akaandika maini, firigisi, nyama ya kuku, dagaa waliochemshwa bila chumvi, na yai. Ugali marufuku, maziwa marufuku. Bi Zuhura akajifunga khanga akapita nyumba kwa nyumba kutangaza.

"Mnamnyima paka ugali?" jirani mmoja, Mama Neema, akashangaa. "Mmefikia huko? Njaa gani imeingia kwenu?"

"Anakula kuku, mama."

"Kuku! Paka anakula kuku, na sisi je?"

Ilibidi niende mwenyewe na sare ya kazi. Kwetu kumnyima mgeni chakula ni aibu, na Diwani alikuwa mgeni wa kudumu wa watu wote. Nikawaambia wampe salamu tu. Tangu siku hiyo ukipita mtaa ule ulisikia watu wazima wakimwambia paka, "Hujambo Diwani, pita tu, leo hakuna."

Pili ilikuwa dawa yenyewe. Insulini haitaki joto wala haitaki kuganda, kwa hiyo chupa yake ilikaa katikati ya friji la soda dukani, na umeme ukikatika ikahamia kwenye kopo ndani ya mtungi wa maji. Haitikiswi. Ile tuliyopewa huviringishwa polepole katikati ya viganja mpaka rangi yake ilingane. Bomba lake ni jembamba, na sindano yake ni nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Mimi niliyezoea sindano za kutoboa ngozi ya fahali niliishika nikaona aibu na vidole vyangu. Unabana ngozi ya ubavuni ikawa kama kihema, unaingiza chini ya kihema, basi. Na sharti la Daktari lilikuwa moja, ambalo Bi Zuhura alilikariri kama dua: ale kwanza, ndipo achomwe. Paka asipokula, asichomwe mpaka Bi Zuhura atupigie simu.

Siku ya kwanza alisema bismillahi, akafumba macho. "Fumbua, dada, ubavu uko huku," nikamwambia. Akachoma. Diwani hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sahani ya maini. Bi Zuhura akanitazama, akaitazama sindano, akamtazama tena paka.

"Hajasikia?"

"Ameshiba, atasikiaje?"

Sikuondoka. Nilikaa kwenye mkeka nikimwangalia Diwani, na Bi Zuhura akakaa nami.

Zikapita wiki. Manyoya yakaanza kung'aa. Sisimizi wakahama uani. Halafu siku moja nilipofika, Diwani alinijia akiwa amesimama juu ya vidole vyake, visigino juu, anatembea kama mwenye mtaa. Nilikuwa nimewaona ng'ombe wakiinuka, lakini huyu mzee aliyekuwa anajikokota alikuwa amerudishiwa miguu yake, kidogo kidogo, na matone ambayo hayajazi hata kijiko. Bi Zuhura naye aliona.

Kisha ikaja siku ya mnada wa kwetu Issuna. Nilikuwa nimeenda kuwaelimisha wafugaji juu ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku, na nilikuwa katikati ya matenga na makelele simu ilipolia.

"Bibi Mifugo! Diwani anakufa! Alikuwa anayumba kama mlevi, sasa ameanguka, anatetemeka!"

Nikajua mara moja. Sukari ilikuwa imeshuka kupita kiasi, na sukari ikishuka hivyo ubongo unazimika kabla hata ya gari kufika. Dawa yake ni kitu kitamu, na hapohapo. Mtandao ulikuwa unakatika. Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote.

"Paka asali!"

"Nini?"

"Paka asali! Paka asali mdomoni!"

"Wallahi hajala!" Bi Zuhura akalia. "Paka hajagusa asali! Yote nimeifungia stoo!"

"Nakwambia paka!"

"Ndiyo, paka! Ndiye huyu anakufa!"

"Paka kwenye fizi!"

"Fizi za paka zimekuwa nyeupe, Bibi Mifugo!"

Lugha yetu tunaipenda, lakini siku hiyo ilitaka kuniulia mgonjwa. Mimi nilikuwa namwamuru apake, yeye alisikia namshitaki paka wake kwamba ameiba asali. Wauza kuku walikuwa wameacha kupatana bei. Mzee mmoja mwenye jogoo kwapani akanisogelea kwa huruma. "Mama, huyo paka kala asali ya nani?"

Nikamwacha mzee na jogoo wake, nikapanda juu ya tenga. "Bi Zuhura! Chovya kidole kwenye asali, umsugulie Diwani kwenye ufizi! Usimmiminie, atapaliwa. Sugua tu!"

Sauti ndogo ikajibu: "Asali? Huyu mwenye sukari? Nimuue kwa mkono wangu?"

"Imeshuka mno, dada. Asali ndiyo itamrudisha. Nimewahi kukudanganya?"

Nikasikia funguo. Nikasikia simu ikiwekwa juu ya meza. Halafu nikabaki nasikiliza duka la watu lililo mbali, mteja akiuliza bei ya mafuta, mtu akimjibu hovyo, na mimi juu ya tenga nimeshika simu kwa mikono miwili, naomba Mungu kwa ajili ya paka, mimi niliyesema wanyama hao hawahitaji serikali. Nilikuwa namwombea Diwani, na nilikuwa naomba kwa ajili ya kile kidole cha mguu. Akifa huyu kwa sindano, Bi Zuhura asingeigusa ya kwake kamwe.

"Analamba," sauti ikasema. "Bibi Mifugo, analamba kidole changu."

Nikakaa juu ya tenga lile, likavunjika. Nililiacha pale na shukrani zangu.

Nilipofika mjini nilimkuta Daktari, niliyempigia simu njiani, ameshatangulia nyumbani kwa Bi Zuhura. Diwani alikuwa ameketi, amelishwa, ana asali mpaka masikioni. Bi Zuhura alikuwa ameketi ameegemea ukuta, uso umekunjamana.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Nilisema sindano ni ya kumalizia. Basi."

Daktari alichuchumaa mbele yake. "Shikamoo mama," akasema, ingawa walikuwa wameshasalimiana. "Hakuanguka kwa sababu sindano ni mbaya. Ameanguka kwa sababu imemfanyia kazi. Paka wengine wakipumzishwa na insulini na chakula kizuri, kongosho lao lililokuwa limechoka linaamka. La Diwani limeamka. Sasa insulini yake mwenyewe na yako ya kwenye bomba zimekutana, zikawa nyingi. Leo hatumchomi. Tutampima kila siku na kupunguza, na nadhani tutaacha kabisa."

Kile kipande cheupe-cheupe cha machinjioni Nduguti, kile cha kuwatupia mbwa, kilikuwa kimelala ndani ya tumbo la paka huyu kama mtu mgonjwa, na kumbe kilihitaji tu kupumzishwa ili kiinuke kiendelee na kazi. Nani aliyekipanga hivyo? Machozi yalinitoka mbele ya bosi wangu, na sikuyafuta.

"Kwa hiyo," Bi Zuhura akasema polepole, "ilikuwa haimwiti. Ilikuwa inamrudisha."

"La kwako huenda lisiamke, mama," Daktari akamwambia. "Nisikudanganye, mimi ni daktari wa wanyama. Hayo waulize hospitali."

Diwani aliachishwa sindano baada ya muda, akabaki na kuku wake na masharti yake, maana ugonjwa ule unaweza kurudi ukiurudishia ugali. Pale Issuna mpaka leo, nikipita sokoni, watu wananisalimia, "Habari za siku nyingi, Mama Paka Asali."

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Waliniaga kwa pilau na soda, Daktari wa Mifugo wa Mkoa akatoa hotuba ndefu kuhusu majosho niliyosimamia. Vijana mnaonisoma, mnadhani mstaafu hukumbuka majosho. Mimi nakumbuka wanyama waliosimama. Nimefanya kazi kwa dawa ambazo nilijua zinafanya nini, na bado kila zilipofanya kazi nilishangaa upya, na nadhani aliyeacha kushangaa angefaa kustaafu mapema zaidi yangu.

Kesho yake nilikwenda kumuaga Bi Zuhura. Nilimkuta kwenye mkeka, sahani ya mboga na samaki imeliwa, Diwani amejinyoosha pembeni. Mbele yake palikuwa na chupa ndogo mpya na bomba jembamba.

"Hii si ya Diwani," akasema. "Jana nilikwenda hospitali. Nesi amenionyesha, nikamwambia mbona najua. Lakini nimeogopa kuanza peke yangu. Nimeshakula."

Nikakaa. Akaviringisha chupa katikati ya viganja. Akavuta, akatazama kipimo kwenye mwanga wa mlango, akanionyesha. Akasogeza khanga, akabana ngozi ya tumbo lake ikawa kihema. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni mpaka shingoni. Alimgeukia paka.

"Nyie wawili mmestaafu," akamwambia. "Mimi ndiyo kwanza naripoti kazini."

Akasema bismillahi, macho wazi, akachoma.

"Umelowa?" nikamuuliza.

Akajifuta kwa upindo wa khanga. "Nimelowa, mdogo wangu."

"Haya. Sasa umeajiriwa."

Sikuondoka. Nilikaa palepale kwenye mkeka, nikamwangalia.